Bukuru Sadoki Hayupo

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimefika Kalemie jana kwa boti kutoka Kigoma, kuanza mwaka wa kwanza wa chuo, wiki mbili nyuma ya wenzangu. Nakaa kwa mama mdogo Micheline na mumewe Papa Augustin, karani mstaafu wa reli, ambaye hata akienda uani anavaa tai. Masharti ya baba ni wazi: nikikosa mtihani hata mmoja, chuo basi, narudi nyumbani kukamua mawese mpaka nioe. Kwa hiyo mwaka huu sina mzaha.

Tatizo ni hili. Binamu yangu Cédrick, wa mwaka wa pili, ameniambia huku akitafuna kwamba mwanafunzi mpya hapa anaitwa bleu, na bleu lazima abatizwe. Anakamatwa getini, anapakwa tope na unga wa muhogo, kisha anawika kama jogoo mbele ya watu. Mimi! Niliyekuwa wa kwanza kata nzima, mpaka mwenyekiti wa kijiji akanipa mkono. Siwiki.

Mpango: nisifanane na bleu. Papa Augustin ana tai saba na mkoba mmoja wa ngozi. Nimeazima nyekundu, na mkoba.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango umefaulu kupita kiasi.

Getini wanafunzi wakubwa walikuwa wamemkalisha kijana mmoja kwenye tope. Kuona tai na mkoba, wakaacha kazi yao, wakanipa mkono mmoja mmoja, jambo Papa, jambo Papa. Nikapita mzima.

Nilipoingia darasani watu mia moja wakasimama. Nikageuka nione nani anakuja nyuma yangu. Hakuna mtu. Dada mmoja mrefu, Kapinga, mkuu wa darasa, akaniletea chaki na karatasi ya majina. Akasema Mungu asifiwe, Asistanti wa uchumi, mwalimu msaidizi waliyemungoja kutoka Lubumbashi tangu mwezi jana, njo ye amefika. Nilitaka kusema ukweli. Naapa, mdomo niliufungua. Lakini mlangoni walisimama wakubwa wawili na ndoo ya tope. Nikapokea chaki.

Nikaita majina. Namba kumi na nne, jina langu mwenyewe: Bukuru Sadoki. Kimya. Nikarudia, kwa ukali kidogo, maana wote walinitazama. Kimya. Nikatia msalaba: hayupo. Kapinga akanikumbusha kwamba misalaba mitatu, muntu haingii mtihani. Nikasema ni sheria nzuri sana.

Jumatano, 5 Novemba

Kufundisha si kazi ngumu. Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour, kwa hiyo nimeamuru wafundishane wenyewe, mimi natembea nyuma yao mikono mgongoni. Wanasema ndiyo mtindo mpya wa Lubumbashi. Jamaa mmoja wa miwani, Valère, aliuliza swali refu kwa Kifaransa. Nikamwambia ajibu mwenyewe, kurasa tatu, kesho. Darasa likanipigia makofi.

Leo nilikusudia kumtia Bukuru alama ya kuwapo, kimyakimya. Wapi! Valère alikaa mbele, macho kwenye kalamu yangu. Msalaba wa pili. Tena akaongeza kwamba huyo Bukuru lazima ni mmoja wa wale watoto wa Kigoma wanaojiandikisha ili wapate kutembea tu. Iliniuma. Nikamtetea dakika kumi nzima: huenda ni kijana mwenye akili, wa familia nzuri, aliyepatwa na jambo. Kapinga akasema Asistanti ana roho laini.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeamka na woga. Bado msalaba mmoja tu, na mawese yananinukia tangu asubuhi. Mpango mpya: Cédrick aje darasani aitike kwa niaba ya Bukuru. Amekubali kwa samaki wangu, mgebuka wa chakula cha jioni, wiki nzima.

Nikaita. Cédrick akaitika vizuri, hata kwa lafudhi ya Kigoma. Valère akasimama. Akasema huyu si Bukuru, huyu ni Cédrick wa mwaka wa pili, njo ye alinipaka tope wakati wa ubatizo. Watu mia moja wakanigeukia. Asistanti wa kweli angefanya nini? Nikamfukuza Cédrick. Nikatia msalaba wa tatu, nikauzungushia duara, nikasaini, nikatangaza kwamba Bukuru Sadoki hataingia mtihani wa Desemba. Wakashangilia. Kwa muda kidogo nilifurahi pamoja nao. Kisha nikakumbuka Bukuru ni nani, nikaukalia mkoba.

Mgebuka Cédrick ameula hata hivyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Somo likiwa katikati, aliingia msichana wa ndala, begi mgongoni, unga wa muhogo usoni. Bleu aliyechelewa. Nikamwambia kwa upole akae chini, mbele, anyamaze. Akakaa. Akaandika kila nilichosema, jambo lililonipa moyo. Mwisho wa somo akasimama, akajifuta unga, akampa Kapinga barua yenye mhuri. Anaitwa Evodie. Asistanti wa uchumi. Ametoka Lubumbashi, siku tisa njiani.

Hakupiga kelele. Aliniuliza jina. Nikalisema. Akachukua karatasi ya majina, akaitazama misalaba mitatu, akauliza nani amesaini. Nikasema mimi. Akasema basi Bukuru na Asistanti wake wameshakubaliana, yeye ni nani awatenganishe. Mtihani hakuna. Labda mzazi wangu aje Jumatatu, yeye mwenyewe, aeleze.

Nje wakubwa walikuwa wananisubiri. Ndoo aliishika Valère. Nikapakwa, nikawika. Dakika tano. Halafu Kapinga akanipa sabuni, nikanawa, tukala fufu na dagaa sahani moja, Valère akaniahidi kunifundisha Kifaransa. Kumbe ilikuwa hiyo tu. Nimepoteza mtihani kwa kukimbia dakika tano. Nililia kidogo, nikasingizia unga.

Jumapili, 9 Novemba

Papa Augustin amekataa kwenda kunisemea. Anataka kwanza tai yake, na ina tope. Mama Micheline anasema niende mwenyewe kwa Asistanti, nimwambie yote toka mwanzo, nimwombe msamaha. Kapinga naye alipita baada ya misa kusema vilevile. Anasema Evodie alicheka ofisini mpaka akashika ukuta, na muntu aliyecheka hivyo hawezi kukufukuza. Nimeuwaza sana ushauri wao. Ni mzuri. Kweli kabisa ni mzuri.

Lakini alisema mzazi. Na baba akisikia habari hizi, atakuja na boti ya kwanza, na ya pili nitarudi nayo mimi.

Kwa hiyo: koti refu la Papa Augustin, lile la reli. Kofia. Fimbo. Unga wa muhogo umebaki nusu bakuli. Kidogo kwenye nywele, kidogo kwenye nyusi. Mzee Bukuru wa Kigoma, mtu wa mawese, wa maneno machache. Nimejaribu kukohoa mbele ya kioo, nikajiamkia mwenyewe shikamoo.

Evodie ameniona nikiwa Asistanti. Ameniona nikiwa tope. Hajaniona nikiwa baba.