Mkaja wa Bora Bora

Idi pili, kwenye pilau ya jamaa mmoja kule Richardson, pembeni mwa Dallas, Mwadini alimsikia Bimdogo akisema anatamani kwenda mahali ambapo hataogesha mtu. Mwadini akaacha paja la kuku sahanini, akahamisha kiti.

Tuseme ukweli, Mwadini hakuwa mwizi. Mwizi hukesha, na yeye alipenda usingizi wake. Alikuwa na kampuni ya utalii iliyoenea yote ndani ya simu moja. Bimdogo naye alikuwa mjane wa Kiunguja aliyemaliza ujana wake akiwaogesha na kuwasukuma wazee wa Dallas kwenye vigari vyao, mpaka magoti yakaanza kulia. Alikuwa na akiba ya safari moja tu maishani. Ikipotea hiyo, hana nyingine.

"Bi mkubwa, umepata kusikia Bora Bora?" Mwadini aliuliza. Jina lenyewe lilimfanyia nusu ya kazi.

"Iko wapi hiyo?"

"Polinesia, katikati ya Pasifiki. Vibanda vimejengwa juu ya maji. Wewe unalala, samaki wanapita chini ya kitanda. Kazi yako ku-relax tu."

"Na choo?"

"Juu ya maji vilevile."

"Basi hao samaki wana subira," alisema Bimdogo. Wiki ile ile akamletea akiba yake yote ndani ya bahasha.

Safari ilipokaribia, Mwadini alipiga simu kwa sauti ya msiba. Kisiwa kimefungwa, alisema, kiko kwenye ukarabati, na pesa zilizokwenda hazirudi. Maneno hayo hayo alishawaambia Tharcisse na mkewe Mado, Wakongo wa mtaa wa Vickery Meadow, ambao walikuwa wameshanunua mashati ya maua ya sare, na wengine wengi wa namna yao. Wote walipiga kelele. Bimdogo peke yake alijibu, "Haya mwanangu, Mungu ndiye mtoaji," akakata simu.

Mwadini akamwona mjinga. Mtu mzima wa Kiunguja akinyamaza ghafla, mwenye akili huhama mtaa.

Haikupita muda akapigiwa na msichana wa Houston, sauti laini, jina lake Nusra. Eti anauliza bei za fungate, kwa ajili ya rafiki yake. Katika mazungumzo akataja kwamba anaishi kwa ami yake Shuaib, mwenye magari ya kuwapeleka wagonjwa hospitali kusafishwa figo, na kwamba ami hana mtoto. Mwadini alikuwa barabarani kabla chai haijapoa.

Kwao Pwani mtu akitaka kuoa huuliza kwanza: huyu ni mtoto wa nani, kalelewa na nani, kwenye ukoo kuna wazimu au hakuna. Mwadini aliuliza kama magari yameshalipiwa au bado yako kwenye mkopo. Yameshalipiwa. Akaposa.

Mzee Shuaib alimpokea vizuri, akamkaribisha kahawa na halua.

"Mahari atayasema Nusra mwenyewe," alisema. "Lakini kwanza mkaja. Zawadi ya aliyemlea, unajua tena. Bila hiyo hakuna mlango unaofunguka."

"Hilo halina neno, ami. Mama anapenda nini?"

"Kupumzika," alidakia Nusra. "Na wewe si ndiye mwenye Bora Bora?"

Mwadini alikohoa. Akawaza magari, akayaona yamejipanga uani, meupe, hayadaiwi. Akatoa kadi yake ya benki. Nusra aka-book mwenyewe pale pale, tiketi mbili na kibanda juu ya maji, kwa jina la Kidawa Haji Makame. Jina hilo halikumwambia kitu. Waswahili tunajuana kwa majina ya nyumbani, la pasipoti tunamwachia askari wa mpakani.

"Ya pili ya nani?" aliuliza.

"Yangu. Mama asafiri peke yake? Na mimi nikakikague kisiwa chetu cha fungate."

Siku ya safari Mwadini alikwenda uwanja wa ndege wa Dallas amejifukiza udi, na shada la maua mkononi la kumpa mama mkwe. Alimwona Shuaib, akamwona Nusra, kisha akaona kigari cha magurudumu kikisukumwa na kijana wa uwanjani. Ndani yake alikaa Bimdogo, kavaa kofia pana ya ukili.

"Bimdogo? Unaumwa?"

"Mzima wa afya, mwanangu. Nimesukuma watu miaka yote, leo nasukumwa mimi."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye mkaja wangu."

Mwadini alimgeukia Shuaib. Shuaib alikuwa anasafisha miwani kwa utulivu mkubwa. "Ndiye aliyemlea Nusra," alisema. "Hukuuliza."

"Na ndoa?"

"Niliswali istihara," alisema Nusra. "Jibu limekuja leo asubuhi. Halikuwa zuri."

"Basi mkaja urudi."

"Mkaja kwetu haurudi," alisema Shuaib. "Aliyelelewa keshalelewa. Hebu tusaidie na hilo sanduku."

Na Mwadini, kwa kuwa pamoja na yote alifunzwa adabu kwao, akalibeba. Aliwaza kuita polisi, akaanza kujitungia maelezo kichwani, akaona kila alipoanzia yanaishia na yeye ndani. Akarudi nyumbani akijipa moyo kwamba aibu ile hakuna aliyeiona.

Ilionekana. Bimdogo alirusha video kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Texas, miguu imening'inia majini, mhudumu anammiminia chai. "Mwenyezi Mungu amlipe Mwadini," alisema, kwa sauti tamu isiyo na kinyongo hata chembe. "Wateja wake wote nawapa habari njema. Kisiwa kimefunguliwa."

Asubuhi mlango wa Mwadini uligongwa. Akachungulia kwenye tundu. Mbele walisimama Tharcisse na Mado ndani ya mashati ya maua, na nyuma yao foleni ya watu na masanduku hadi kwenye maegesho ya magari.

"Monsieur Mwadini," Tharcisse aliita kwa furaha, "siye tuko tayari. Ndege ni saa ngapi?"