Hotuba ya Kuzindua Zipu Mpya ya Faili la Nahodha

(Ilitolewa sebuleni kwangu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, mzungumzaji akiwa amesimama kati ya meza na friji, kujibu swali fupi la shemeji yangu: "Shemeji, lile faili lako la vyeti limefika wapi?")

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mama mkwe wangu, Mlezi wa kikao hiki na mkaliaji wa kudumu wa kiti chenye mto. Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Afya, Kodi ya Nyumba na Mambo ya Ndani, mke wangu, ambaye saa za kazi ni muuguzi wa wodi ya wazazi na saa zilizobaki ni muuguzi wangu mimi. Mheshimiwa shemeji yangu, kaka wa Waziri, fundi wa mafriji na mleta hoja. Ndugu Katibu wa kikao, binti yangu, ambaye naomba aweke simu chini. Bwana Kinyozi, jirani yetu wa ng'ambo ya korido na mwakilishi wa jumuiya ya kimataifa, uliyekuja kuazima pasi na sasa umekaa mahali ambapo huwezi kutoka bila kumrukia Mgeni Rasmi. Waalikwa wote, itifaki imezingatiwa.

(Kinyozi: "Mimi nasubiri pasi tu, mzee.")

Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kulitangazia taifa hili la vyumba viwili na sebule kwamba, baada ya majadiliano ya kina na ya muda mrefu na fundi cherehani wa pale chini ya ngazi, faili la vyeti vya Nahodha limepata zipu mpya. Ni zipu ya chuma. Inakwenda mbele na inarudi nyuma, na katika majaribio yaliyofanyika jana mbele ya fundi mwenyewe haikukwama hata mara moja, jambo ambalo wataalamu wameliita hatua kubwa katika utekelezaji wa Mpango Mkakati Jumuishi wa Kutambuliwa kwa Vyeti vya Unahodha Vilivyotolewa Kwetu ili Vifanye Kazi Huku.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni Mgeni Rasmi, ambaye hupiga makofi kila mtu anapovuta pumzi.)

Ndugu wananchi, kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu basi kaeni mkao wa kufahamishwa, cheti cha unahodha ni kitu cha ajabu sana. Ukiwa nacho kwetu, unakabidhiwa meli, mzigo, injini inayokohoa, mabaharia wabishi na roho za watu. Ukivuka nacho mpaka kumfuata mkeo aliyepata kazi, kinageuka kuwa picha ya kijana mwenye nywele nyingi.

(Kicheko. Kinyozi anatazama kichwa cha mzungumzaji kwa masikitiko ya kitaalamu.)

Ili picha hiyo irudi kuwa cheti, sharti ofisi ya bahari ya huku iwaandikie wale waliokitoa, iwaulize kama kweli ni chao, nao wajibu. Sharti daktari apime macho ya mhusika kama bado yanatofautisha taa nyekundu na taa ya kijani. Sharti kitabu chake cha safari kionyeshe meli zote alizozitumikia. Na sharti akae mbele ya watu watatu wasiocheka aulizwe sheria za bahari za huku. Katika maeneo yote hayo, Mpango umepiga hatua za kujivunia. Kwa upande wa kapasiti bildingi, Nahodha amejinoa macho kwa kutumia vibanio vya nguo vya nyumba hii, na matokeo yalikuwa ya kuridhisha mno.

(Katibu, bila kuinua macho: "Baba, kile cha bluu ulisema kijani.")

Kilikuwa bluu iliyochoka, Katibu, na naomba neno hilo lifutwe kwenye kumbukumbu. Wakati huohuo, kama hatua ya mpito, Serikali ilimwazima Nahodha kwa sekta ya magodoro, ambako hadi leo anayapakia kwenye lori, anayashusha, na kuyapandisha ngazi za watu waliosema wanakaa ghorofa ya kwanza kumbe wanakaa ya nne. Pale dukani wananiita Kapteni Godoro. Naomba ieleweke kwamba kwa cheo hicho nilitambuliwa siku ileile niliyofika, bila kupimwa macho na bila mtu yeyote kuandika kwetu kuuliza.

(Kicheko kirefu. Mgeni Rasmi anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Shemeji hacheki. "Shemeji, sikiliza. Ile boti ya kuvuta meli bandarini, mimi ndiye niliyewatengenezea friji. Bosi wao nimemweleza habari zako, amesema nafasi ipo mpaka Ijumaa. Cheti chenyewe hakitaki sasa hivi. Anachotaka ni stakabadhi ya ofisi ya bahari yenye muhuri, kwamba umeomba. Ukiwa nayo unaanza kazi huku unasubiri majibu. Ijumaa ikipita anampa mwingine. Ndiyo maana nimekuuliza: limefika wapi?")

Namshukuru sana Mheshimiwa mleta hoja kwa swali lake zuri. Ni swali zuri, ni swali muhimu, ni swali ambalo Serikali imekuwa ikijiuliza yenyewe, hasa ikiwa bafuni. Na katika kulijibu, naomba nianze na takwimu. Kati ya mafaili yote yanayoshughulikiwa na Mpango huu, ambayo ni moja, asilimia mia moja yamehifadhiwa mahali pakavu. Safari za kwenda ofisi ya bahari zimeongezeka maradufu ukilinganisha na kipindi ambacho nilikuwa sijui ilipo. Matumizi ya viti vya ukumbi wa kungojea yamevuka tageti. Bango lililoko ukutani pale, linaloonyesha namna ya kuvaa jaketi la kuokolea, Nahodha amelisoma, amelirudia, amelihifadhi kichwani, na anaweza kulithibitishia baraza lenu tukufu kwamba yule mtu aliyechorwa amefunga mkanda vibaya na meli ikizama ndiye wa kwanza.

(Mke wangu anaweka kikombe chini, taratibu. "Baba watoto. Kila siku yako ya mapumziko unavaa shati jeupe, unabeba hilo faili kwapani, unaaga unakwenda ofisi ya bahari. Umezipeleka karatasi, hujazipeleka?")

Mheshimiwa Waziri anakwenda mbio kuliko ajenda. Prosesi kama hii ina ngazi zake. Kuna ngazi ya maandalizi, kuna ngazi ya maandalizi ya maandalizi, kuna ngazi ya kupokea fidibaki kutoka kwa wadau, na mdau mkubwa katika ngazi hiyo amekuwa mlinzi wa getini, ambaye sasa ananisalimia kwa kunipungia mkono kama tuliosoma pamoja. Sistimu ya namba za foleni nayo inafanya kazi vizuri sana. Unabonyeza, karatasi inatoka, unakaa. Kwa hiyo, kwa kifupi, na bila kumung'unya maneno, faili liko katika hatua ambayo, kwa tafsiri pana ya neno hatua, tunaweza kusema kwamba lipo.

(Shemeji: "Lipo wapi?" Kinyozi: "Hata mimi sasa nataka kujua. Pasi iacheni kwanza." Mgeni Rasmi: "Mwacheni amalize. Ila mwanangu, maliza leo.")

Namalizia, Mgeni Rasmi. Kabla sijamaliza, naomba wote tusimame, isipokuwa wenye magoti yanayouma, tutamke kaulimbiu ya Mpango wetu. Nikisema "Vyeti vyetu!" ninyi mnaitikia "Vitambulike!" Vyeti vyetu!

(Friji inanguruma.)

Vyeti vyetu!

(Mgeni Rasmi, peke yake: "Vitambulike. Haya, endelea, tunakusikia.")

Unahodha ni wetu! Bahari ni moja! Zipu kwanza, mengine yatafuata! Ahsanteni. Na sasa, kwa niaba ya Serikali, nawashukuru wote waliofanikisha Mpango huu. Namshukuru fundi cherehani. Namshukuru mpiga fotokopi, aliyenitolea nakala safi kuliko vyeti vyenyewe. Naishukuru mashine ya namba. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru yule mama wa miwani anayekaa dirishani katika ofisi ya bahari, mtu mpole, mchapakazi, ambaye tangu Mpango huu uanze hajapata usumbufu wowote wa kulipokea faili hili, wala kulifungua, wala kuligonga muhuri, kwa sababu hakuna mtu aliyempelekea.

(Hakuna makofi. Hata ya Mgeni Rasmi.)

Hakuna Mpango, jamani. Kuna faili na zipu.

Siku ya kwanza nilikwenda kweli, na nia yangu ilikuwa safi. Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mzee mmoja, nahodha, wa nchi nyingine kabisa. Nilimjua ni nahodha kwa namna alivyosimama, miguu imeachana kidogo, kama sakafu ya ofisi ingeweza kuyumba. Alikuwa amefuata majibu yake. Yule mama akamwambia kwa upole, cheti chako tumekitambua, baba, ila tumekitambua kwa daraja la afisa wa zamu. Utatumikia chini ya nahodha mwingine, ukishapata muda wa kutosha baharini utaomba tena. Mzee akaikunja ile karatasi. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Akageuka, akanipita, na nilipomwona alivyokuwa akitafuta mlango na mlango uko mbele yake, nikaondoka kwenye foleni.

Tangu hapo nakwenda. Sikuwadanganya kwamba nakwenda. Nachukua namba, nakaa. Namba yangu inaitwa mara ya kwanza, inaitwa mara ya pili, na mimi natazama huku na huku kama watu wengine, nikishangaa ni nani huyo mzembe anayechelewesha watu. Nikiona wanaita ya anayenifuata, nasimama, nampungia mkono mlinzi, narudi nyumbani. Zipu ya kwanza ilikufa kwa sababu ya kufunguliwa na kufungwa hapohapo kitini.

Faili likiwa kwapani, mimi ni nahodha. Nahodha anayebeba magodoro, sawa, lakini nahodha. Likishapita chini ya kile kioo, kuna mtu atakuwa na ruhusa ya kuniandikia kwamba mimi si nahodha.

Nimemaliza. Kama kuna maswali, naomba yawe mepesi.

(Shemeji anatazama viatu vyake. Kinyozi anasema polepole, "Pole, Kapteni," na kwa mara ya kwanza hasemi kama utani. Mke wangu ndiye aliyejibu. Namnukuu kwa ukamilifu, maana yeye huwa hahutubii.)

("Baba watoto, mimi nilipofika huku, karatasi zangu zilisema najua kuzalisha. Nimezalisha watoto siwajui idadi. Wakaniambia nianze kwa kutandika vitanda. Nikatandika. Wewe ulikuwa bado kwetu, unanipigia kila jioni. Unakumbuka ulikuwa unaniambiaje nikipokea?")

Nakumbuka.

("Sema.")

Nilikuwa nasema, "Habari za kazi, muuguzi."

("Kuna hata siku moja uliniita mtandika vitanda?")

Hapana.

("Basi kaa, chai inapoa.")

Nikakaa. Katibu akaandika kwenye simu yake jambo ambalo mpaka leo amekataa kunionyesha. Mgeni Rasmi akauliza kama kesho si siku yangu ya mapumziko. Nikasema ni kesho. Akauliza hiyo ofisi inafunguliwa saa ngapi, na kama ina viti vyenye mto. Nikamwambia, "Mama, usijisumbue, nitakwenda mwenyewe." Akasema, "Mwenyewe umeshakwenda sana."

Kwa ajili ya kumbukumbu sahihi za kikao, basi, na bila chumvi, kilichotokea Jumatatu ni hiki.

Tulikwenda wawili, mimi na mama mkwe wangu. Mlinzi akanipungia mkono, akamwona mama, akashusha mkono akamwamkia kwa adabu. Nikabonyeza mashine, nikachukua namba, tukakaa chini ya lile bango la jaketi. Mama akalitazama sana, akasema, "Huyu mkanda wake haujakaa sawa." Nikajisikia vizuri kidogo. Kisha nikaanza kuvuta zipu, kufungua kidogo, kufunga, kufungua kidogo, kufunga, mpaka mama akauweka mkono wake juu ya wangu.

Namba yangu ikaitwa. Nakiri kwamba, kwa mazoea tu, niligeuza shingo kulia na kushoto kumtafuta mzembe.

Mama mkwe wangu akasimama. Ni mtu mfupi, lakini amelea watu kwa sauti hiyo. Akaninyooshea kidole mbele ya ukumbi mzima, akasema, "Ni huyu hapa! Nahodha ni huyu!"

Watu wote wakageuka. Ukishatangazwa hivyo huna pa kwenda isipokuwa dirishani. Nikaenda. Yule mama wa miwani akasema, "Karibu, baba, lete karatasi zako," nami nikaweka faili mbele yake, nikavuta zipu. Ikakwama. Nikavuta tena. Zipu ya chuma, iliyofanyiwa majaribio mbele ya fundi, iliyozinduliwa kwa hotuba, ikagoma katikati, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa.

Yule mama akafungua droo, akanipitishia mkasi chini ya kioo.

Nikakata.

Kutoka kwenye viti vya kungojea, mtu mmoja akapiga makofi.