Fundi Oloo na Mlio wa Tatu

Al Mansoura, Doha
Ijumaa jioni, Novemba 2012

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Kufa na Kuzikana cha Madereva wa Afrika Mashariki.

YAH: FUNDI OLOO KUNICHELEWESHEA GARI KWA MAKUSUDI

Kwako Mzee Salim, shikamoo. Mimi Hamza, mwanachama wako, nimeumizwa. Mama mkwe wangu, Bi Zuleikha, anatua kesho asubuhi kutoka Tanga. Tangu nimuoe binti yake huwaambia watu kwamba Husna aliolewa na maneno matupu, nami nimemwahidi kumpokea kwa gari langu mwenyewe. Kwa hiyo ninachokililia si chuma, ni heshima ya nyumba yangu.

1. Giaboksi yangu ya otomatiki ilirudi kutoka kusukwa upya huko Umm Salal inang'aa, imefungwa nailoni. Ilibaki kuipachika tu. Oloo akaiweka kando, akaanza kuosha mipira na rejeta ya kupoozea oili, akidai uchafu wa giaboksi iliyokufa umelala humo na utaiua hii. Nilimweleza kwamba maiti haambukizi. Akaendelea kuosha.

2. Kisha akachukua konveta, lile duara zito la chuma linalokaa kati ya injini na giaboksi, akaimiminia oili mpya kabla hata haijapachikwa. Mwenyekiti, nani humlisha mgeni akiwa bado mlangoni?

3. Hili ndilo lililonikera zaidi. Wakati wa kuingiza konveta kwenye giaboksi, aliizungusha huku akiisukuma, sikio kalitega. Ikalia ko. Nikafurahi. Ikalia ko ya pili, nikamshukuru Mungu na kuanza kuokota boliti. Oloo akasema, "Bado, boss. Kuna ya tatu. Ikiingia utaisikia mwenyewe." Mtu mzima anakaa kungoja mlio kama aliyepeleka posa.

4. Leo asubuhi, ya tatu ikiwa bado haijalia, akaenda kanisani, maana Wakenya wa huku Jumapili yao wameihamishia Ijumaa, akaacha neno kwamba giaboksi isisogezwe hadi arudi. Sisi tulipotoka msikitini tukala pilau kwangu, ukafungua kikao, na kwa wingi wa mikono ikapitishwa kwamba konveta imeingia. Ni Fabian pekee, yule mlinzi wa Lusail, aliyesema tumsubiri mwenye kazi. Tulimsamehe kwa kuwa alichelewa na pilau ilikuwa imekwisha.

Tulipofika gereji tukainua giaboksi, ikabaki nafasi ya kidole kati yake na injini. Oloo ana imani yake kwamba pale lazima pakutane kwa mkono mtupu, kwamba boliti ni za kushikilia, si za kuvutia. Lakini umoja ni nguvu. Tulikaza wawili wawili, bomba la chuma limechomekwa kwenye spana, mpaka nafasi ikaziba, na ndani ikalia ko kubwa kuliko zote. Ya tatu hiyo, Mwenyekiti. Nilitokwa na machozi ya furaha.

5. Oloo aliporudi alipiga magoti akachungulia, akanawa mikono, akakusanya spana zake na kuondoka bila kuaga. Na wazee mmekaa pale.

Naomba basi Oloo akiombe radhi chama. Naomba asishike gari la mwanachama yeyote mpaka ajifunze kufanya kazi kwa kikao. Na katiba yetu iongezwe kifungu kwamba konveta ikishapigiwa kura, imeingia.

Nisalimie Bi Mwajuma, watoto, wajumbe wote, na yule aliyeleta bomba.

Wako katika umoja usiolegea,
Hamza

N.B. Haya nayaongeza Jumamosi, nikiwa kwenye maegesho ya uwanja wa ndege. Gari tulilimalizia wenyewe jana usiku, likanifikisha, kurudi limegoma. Natia gia, injini inanguruma, gari halisogei, na chini kuna dimbwi jekundu la oili. Tulikuwa tumeziba njia, na ilibidi mimi nishike usukani, kwa hiyo aliyelisukuma mpaka pembeni ni Bi Zuleikha, na hina yake ya safari mikononi. Nina aibu ambayo sijapata kuwa nayo maishani. Malalamiko yote nayafuta. Tafadhali mpigie Oloo, simu yangu hapokei. Wajumbe waambie wasije kusaidia.