Kifua cha Katibu

Jumatatu, 9 Machi

Katibu ameamka akikoroma. Katibu ni kuku wangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu hutembea ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta faili. Nilimchukua kifaranga Butiama, mara ya mwisho nilipokwenda, nikakuta kiwanja chetu kimepandwa mihogo ya watu wengine. Katika vyote nilivyotoka navyo kule, anayepumua ni yeye tu. Na sasa anapumua vibaya.

Ajabu ni kwamba jana tu nilimtandikia boksi lake maranda mapya, kutoka kwa seremala wa Mukendo, laini kama unga. Starehe yote hiyo, na bado kaugua.

Matrida asijue. Huyu ni mpwa wangu, na nyumba hii ya Iringo ni yake. Anayo dawa moja tu ya kuku mgonjwa: kisu, kabla hajafa bure. Nimemhamishia Katibu chumbani kwangu, chini ya kitanda. Dirisha nimefunga.

Jumanne, 10 Machi

Anakoroma zaidi. Nimemwongezea maranda. Nimepiga chafya mara kadhaa, huenda ananiambukiza.

Redio nimefungulia sauti yote. Lakini taarifa ya habari ikiisha panakuwa na kimya kidogo, na kimya hicho Katibu anakijaza. Matrida akauliza mlangoni ni nini hicho. Nikakohoa. Nilikohoa vizuri, na mkoromo mwishoni. Akasema, "Pole mjomba," akaenda zake.

Mpango mzuri. Kila akikoroma, nakohoa.

Jumatano, 11 Machi

Nyungu. Nimechemsha mwarobaini na vitunguu saumu, tukajifunika blanketi moja, mimi na yeye. Alininyea gotini. Nikatoka nimelowa jasho, macho mekundu, na hapo hapo nikakutana na Dorotea, jirani yetu, asiyejua kupiga hodi. Akanitazama, kisha akamwambia Matrida wasinipuuze, maana hata baba yake alianzaga hivyo hivyo, na wakadhani ni mafua.

Matrida akataka kufagia chumba, eti kina vumbi. Nimekataa katakata.

Alhamisi, 12 Machi

Mpango umenigeukia. Matrida amepiga simu Bunda kwa shemeji yangu Bernado, kaka wa marehemu mke wangu Boke, kumwambia niko hoi. Anakuja Jumamosi kunitazama.

Shemeji halishwi dagaa. Shemeji huchinjiwa kuku. Tena, kasema Matrida, supu itanifungua kifua. Nikauliza kuku yupi, kana kwamba nyumba hii ina wawili. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeona homa imepanda kichwani.

Yaani kikohozi changu mwenyewe ndicho kinachomnolea Katibu kisu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimetangaza kwamba nimepona. Matrida alikuwa mlangoni na uji. Nilikuwa katikati ya tangazo Katibu alipokoroma. Ikanibidi nikohoe.

Jumamosi, 14 Machi

Bernado amefika amevaa koti la msibani. Akaketi kitandani, juu ya Katibu kabisa, akasali, akatulia kusikiliza. Akasema kwa masikitiko kwamba maishani mwake hajawahi kusikia kifua cha mtu kikivuma mpaka kwenye godoro.

Matrida akainama, akachungulia, akamvuta Katibu nje. Akamkabidhi mgeni mkononi akiwa hai, kama desturi ilivyo, aone anachinjiwa nini. Katibu akamkoromea usoni.

Bernado akamwangalia kuku. Akaniangalia mimi. "Shemeji, huyu mnanipa nimle au nimpeleke hospitali?"

Akasema kwa wakwe amekula kuku wembamba na kuku wazee, na hakulalamika. Mwenye kifua hajawahi kupewa na mtu, na huyo hamli. Matrida alitamani ardhi imfiche. Dorotea, aliyekuwa ameingia bila hodi, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akatafutwa sato wa ziwani badala yake.

Chumba changu kapewa mgeni. Katibu kafungwa kamba mguuni, nje, nyuma ya jiko. Nilionya kwamba upepo wa ziwa utamwua. Hakuna anayezungumza nami kabisa.

Jumatatu, 16 Machi

Bernado kaondoka. Katibu yuko nje tangu juzi, na hakoromi. Anachakura chini ya kamba ya nguo ya Dorotea, kichwa chini, kazini.

Basi ile nyungu ilikuwa na nguvu, ila ilichelewa. Nimemweleza Dorotea jinsi ya kuichemsha. Kasema ataikumbuka.

Wingu limejikusanya upande wa ziwa. Nimemrudisha Katibu chini ya kitanda, nikafunga dirisha, nikaenda Mukendo kwa seremala. Nimemchagulia maranda laini kuliko yote, gunia zima. Zawadi ya kupona.

Jumanne, 17 Machi

Katibu ameamka akikoroma. Ni ule upepo wa nje. Nilisema.

Matrida akauliza mlangoni ni nini hicho.

Nikakohoa.