Kila Nilikoelekea Kulikuwa Kaskazini

Leo nimevuliwa nguo Jinja, barabara kuu, mchana kweupe. (Nguo ninazo. Nasema heshima.) Nawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu dereva mmoja wa teksi za Mbale alikuwa pale, anacheka huku ameshika kiuno, na najua akifika stendi ataongeza chumvi.

Kazi yangu mnaijua. Tangu nipunguzwe jeshini natembeza matangazo kwa pikipiki: mpira, sinema, arusi, chanjo ya ng'ombe. Ile spika yangu kubwa nimeifunga mbele, juu ya taa. Mwezi uliopita nilinunua dira kwa Hajati mmoja mwenye duka la vipuri kule Jinja. Dira nzuri, ya kufungwa kwenye usukani, ina maji ndani na mshale mwekundu. Niliitaka kwa ajili ya vijia vya Budondo na mashamba ya miwa. Miwa ikishakupita kimo, kila njia inafanana na dada yake.

Lakini dira ile ilikuwa na ugonjwa. Kila nilikoelekea kulikuwa kaskazini! Natoka Mbale kwenda Jinja: kaskazini. Nageuza kurudi Mbale: kaskazini. Kwa hesabu yake, nimeshafika Sudani mara mbili. Juma lililopita niliifuata kule Budondo, nikatokea ukingoni mwa Nile, nikamtangazia chanjo ya ng'ombe mtu mmoja aliyekuwa anaoga. (Aliniambia hana ng'ombe. Aliniambia na mengine.)

Basi leo alfajiri nikatoka hapa Namakwekwe. Mke wangu Anna alisimama mlangoni.

"Baba Akello, zungumza na mama wa watu polepole."

"Kwani mimi naenda kupigana? Naenda kuzungumza."

Nikakagua betri ya spika. Ilikuwa imejaa.

Hajati nilimkuta anapanga plagi kwenye rafu.

"Hajati, dira yako mbovu. Nataka pesa yangu."

"Afande, dira ni nzima. Na kitu kikitoka dukani hakirudi."

"Kinarudi."

"Hakirudi."

"Hajati, mimi nimepigana vita!"

"Ulishinda?"

(Swali lenyewe lina siasa ndani.)

Nikatoka nje, nikapanda pikipiki, nikawasha spika. "Hallo, hallo! Wananchi wa Jinja! Tulieni mnisikilize!"

Jamani! Katika nchi hii huwezi kuwaambia watu watulie, kwa Kiswahili, lugha ya askari, kwa spika, ukiwa umevaa buti. Duka la vitambaa likashusha mlango. La jirani likafuata. Mzee mmoja wa boda boda akainua baiskeli yake begani akakimbia nayo, badala ya kuipanda. Watu walidhani serikali imeanguka.

"Rudini! Rudini! Ni mambo ya dira!"

Wakarudi, tena wamenuna. Mtu uliyemtisha bure anataka fidia, na fidia yao ilikuwa kutazama. Mama mmoja muuza ndizi akatua beseni lake akasimama mbele kabisa. Nikazungusha pikipiki katikati ya barabara. Mshale mbele. Nikaigeuza. Mshale mbele.

"Mnaona? Ziwa liko kaskazini? Jua linatoka kaskazini?"

"Eee! Hajati, rudisha pesa ya afande!"

Hajati akatoka na bisibisi, taratibu, akaifungua dira kwenye usukani. "Kale, sawa," akasema. "Nipe kitu yangu, nikupe pesa yako."

Hapo ningenyamaza. Nilikuwa nimeshinda! Lakini mimi ushindi usio na gwaride siuoni kuwa ni ushindi. Nikamnyang'anya dira. "Ngoja kwanza! Na wale watu wa swala waione." Ng'ambo ya barabara waumini walikuwa wanatoka msikitini. Waya wa maiki haukufika huko, kwa hiyo nikampa yule mama wa ndizi anishikie. Nikamwambia: "Waeleze watu yanayotokea."

(Msimpe mtu maiki. Hata awe mama yenu mzazi.)

"Haya, afande anavuka barabara!" Sauti ikapiga mji mzima. "Anatembea kama jogoo! Amefika kwa mzee mmoja. Anamuonyesha dira."

Mzee akaitazama dira. Akautazama msikiti. "Mbona iko sawa? Kaskazini ni pale. Kibla yetu inaingia kulia kidogo, hivi. Ndivyo tulivyojenga."

"Haiwezekani!"

"Kijana, mimi naswali hapa tangu sijaota ndevu."

Mtu akapaza sauti kumwelekea mama wa ndizi, naye akapokea: "Banange! Mzee anasema dira ni mzima!"

Nikarudi na dira kiganjani ili nimuumbue yule mzee. Nilipokaribia pikipiki, mshale ukaanza kugeuka wenyewe, polepole, kama shingo ya mtu aliyemwona mke wa jirani. Ukasimama. Unaitazama spika yangu.

"Inageuka! Inaangaria spika! Iko napenda spika!"

Ndipo nikakumbuka. Ndani ya ile spika kuna sumaku kubwa kama sahani. Na mimi, ndugu zangu, kule jeshini nilikuwa nafundisha kuruti kusoma ramani. Somo la kwanza kabisa, nililiimba kila asubuhi hadi sauti inakatika: weka bunduki mbali, ndipo utazame dira!

Hajati akaomba maiki. Kwa adabu kabisa. "Afande, jeshini ulikuwa kazi gani?"

Nikanong'ona.

"Sema hapa, watu wasikie."

"Mwalimu wa ramani."

"Na dira?"

"...Na dira."

Jinja ilicheka. Watu walishikana mabega wasianguke. Askari polisi aliyekuwa amekuja kunikamata akaketi kwenye ngazi za duka akafuta macho kwa kofia.

Lakini mimi sikukimbia! Nikachukua maiki yangu. "Hajati, nani aliifunga hii dira pale?"

"Mimi."

"Spika ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Uliiona?"

"Afande, nani asione spika kubwa kama sufuria ya arusi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Tangu unaingia mpaka unatoka ulikuwa unanifundisha dira."

Wakaanza kucheka upya. Hata Hajati alishindwa, akajifunika uso kwa shela. Alipotulia akasema, "Kale, tumekosa wote. Pesa nakupa. Lakini duka langu umelipaka matope kwa hiyo spika, na kwa hiyo hiyo spika litasafishwa."

Nikakataa. Mdomo huu haujawahi kuomba radhi kwa betri. Tukavutana, mwisho tukakubaliana: mimi niendeshe, mama wa ndizi atangaze. Nikazunguka Jinja yote na yule mama nyuma yangu, beseni mapajani, anapiga kelele: "Dira ya Hajati ni mzima! Mgonjwa ni huyu ananibeba!" Kila kona watu wakapunga mikono. Na mimi nikapunga. (Ungefanyaje?)

Lakini sikilizeni. Pesa nimerudishiwa, yote. Mwingine angekaa nyumbani na hasara yake, heshima yake iko kabatini imekunjwa vizuri. Mimi nimeaibika, na nimelipwa. Na hiki chungu cha pombe ya malwa mnachokizunguka kimenunuliwa kwa pesa ile ile. Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke, ruhusa ipo. Ila kwanza atoe mrija mdomoni.