Mbwa wa Kifungu cha 31

Kidato cha Pili, Mkondo wa Tisa,
Kiti cha pembeni ya meza ya mwalimu (sababu nitaieleza),
Mkoa wa Anhui.
Jumanne, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Mhariri wa kitabu chekundu cha ufahamu wa Kiingereza, vifungu mia moja, kidato cha pili.

YAH: MBWA ULIYEMWACHA MLANGONI

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakula, na hujaanza kutunga kitabu cha kidato cha tatu. Mimi naitwa Dou Jinhe, umri miaka kumi na minne, mtumiaji wako wa kila siku. Katika mtihani wa Kiingereza uliopita nilikuwa wa arobaini na moja kati ya wanafunzi hamsini na wawili. Maana yake wako watu kumi na mmoja wanaoniangalia mimi kama mfano. Nakuandikia kwa heshima zote, na malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba kama Mwalimu Lu anavyotufundisha kupanga hoja, ingawa yeye hajui kuwa siku ile nilikuwa namsikiliza.

Nianze na hali ilivyo, usije ukasema hukuelewa, maana wewe ndiye mtu wa ufahamu. Kila siku Mwalimu Lu anatupa kifungu kimoja cha kitabu chako. Tunakwenda nacho nyumbani, tunakisoma kwa sauti, tunajibu maswali matano, halafu mtu mzima wa nyumbani aliyesikiliza anaweka saini chini ya ukurasa. Sheria imebandikwa ukutani: kurasa kumi zikikosa saini, mzazi anaitwa shuleni, aje kwa miguu yake, si kwa simu. Mimi mpaka leo ninazo nane.

Mzazi wangu anayepatikana ni Mama, kwa sababu Baba ni dereva wa lori la masafa na kila akipigiwa simu yuko ndani ya handaki. Mama yuko kusini, Zhongshan, kwenye kiwanda cha taa, safari ya saa kumi na nne kwa treni. Huyo mama usimchukulie poa. Akiitwa na shule atashuka stesheni mkono umeshanyooka, na sikio litakaloshikwa ni langu, mbele ya darasa zima. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii mchezo, Ndugu Mhariri. Tunazungumzia sikio.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeniharibia ufundi. Kabla ya mwaka huu nilikuwa fundi wa majibu, na shule nzima ilinijua. Majibu matatu marefu na moja fupi, chagua fupi. Matatu mafupi na moja refu, chagua refu. Yakikaa ovyo ovyo, weka C na usigeuke nyuma. Kwa njia hiyo nilivuka kidato cha kwanza bila kujua hata siku moja kifungu kilisema nini. Niliwahi kupata manne kati ya matano kwenye kifungu nilichodhani ni cha nyuki, kumbe kilikuwa cha hospitali.

Wakati huo saini ilikuwa ya Babu, na Babu alikuwa anasaini hata karatasi ya kufungia karanga. Sasa Babu amekwenda kwa Shangazi kusaidia kulea mapacha, saini imehamia kwa Bibi. Bibi alijifunza kuandika jina lake akiwa na miaka arobaini, darasa la jioni, baada ya kutoka shambani. Siku ya kwanza nilimwekea ukurasa mbele yake na kalamu, nikamwonyesha mahali. Akaniangalia juu ya miwani. "We Kichwa Tikiti, hili jina nimelitolea jasho. Siliweki chini ya kitu nisichokijua. Soma, halafu uniambie wamesema nini."

Basi nimelazimika kusoma, Ndugu Mhariri. Mimi, Dou Jinhe, na kamusi mkononi. Nimeficha aibu hii kwa wenzangu mpaka leo.

2. Hadithi zako hazina mwisho. Mpaka kifungu cha 30 tulikwenda vizuri, maana vilikuwa vya faida ya kunywa maji na historia ya zipu, na Bibi alisaini huku anakuna mgongo. Ndipo ukatuletea cha 31. Bwana Hobbs anapata kazi mji wa mbali. Anahama. Kwa haraka ya kuhama mbwa wake anabaki. Mbwa anaanza kutembea, anapita mvua, anapita daraja, siku arobaini. Bibi aliacha kumenya maharage. Halafu asubuhi moja Bwana Hobbs yuko mezani anakunywa chai, anasikia kitu kinakwaruza mlango. Nukta. Swali la kwanza: Bwana Hobbs alihama kwa sababu gani?

Bibi akasema, "Endelea." Nikamwambia imeisha. Akasema, "Haijaisha, wewe umechoka." Nikamwonyesha ukurasa, nikamwonyesha nukta. Akaigusa nukta kwa kidole kama anayepima joto la uji. Akafunga kalamu. "Mpaka mlango ufunguliwe, mimi sisaini kitu." Na hajasaini kingine chochote, hata cha 32, ambacho ni cha mifuko ya plastiki na hakina mbwa kabisa.

3. Nilijaribu kukusaidia kazi yako na sikupata shukrani. Jumatano iliyofuata nilimwambia Bibi kwamba nimeuona mwisho, ulikuwa umejificha upande wa pili wa karatasi. Nikamtungia: mlango unafunguliwa, mbwa anaingia, Bwana Hobbs analia, anampikia nyama ya nguruwe ya kukaanga kwa sukari na mchuzi wa soya, mbwa anakula vipande sita, wanahamia nyumba yenye bustani, mbwa anaoa. Nilitunga vizuri mpaka mimi mwenyewe nikasikia njaa. Bibi akachukua kitabu, akaweka kiganja juu ya kifungu, kikafunikwa chote. "Maneno ya ukubwa wa kiganja yametoa harusi?" akauliza. "Na huyo mzungu mchuzi wa soya alinunua kwa nani?"

Tangu siku hiyo haniamini hata nikimwambia kuna mvua.

4. (Hili lingekuwa la pili ila nimelikumbuka sasa.) Kitabu chako kina majibu nyuma. Sisi huku siku ya kwanza ya muhula mwalimu hukusanya vitabu vyote, anachana kurasa za majibu, anazifungia kabatini kwake. Kila shule ninayoijua wanafanya hivyo, hatuoni ajabu. Lakini Bibi, katika kumtafuta mbwa, alifika mwisho wa kitabu akakuta mizizi ya kurasa. Akaipapasa. Akauliza nani amechana, nikasema mwalimu. Akauliza zilikuwa na nini, nikasema majibu. Bibi akavua aproni. "Basi mbwa yuko humo."

Kesho yake alikuwa kwenye geti la shule na chupa yake ya chai. Mwalimu Lu alipotoka, Bibi akamwambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mimi na wewe hatuna ugomvi. Nazitaka zile kurasa ulizomchania mtoto." Mwalimu Lu amefundisha miaka kumi na saba. Wapo waliojaribu kumwibia majibu kwa dirisha, kwa simu, kwa kumpenda binti yake. Hakuna aliyewahi kumtuma bibi wa miaka sabini na moja mchana kweupe. Sifa hiyo nimepewa mimi, na Ndugu Mhariri, naapa sikuifanyia kazi.

Ili yaishe, Mwalimu Lu alimfungulia kabati akamwonyesha. Kifungu cha 31: C, A, D, B, B. Bibi aliziangalia zile herufi tano kwa muda mrefu, kisha akauliza ipi kati ya hizo ni mbwa.

Mimi nikahamishiwa kiti cha pembeni ya meza ya mwalimu, peke yangu, ambako chaki inanidondokea kutwa. Kufika mwezi wa sita nitakuwa na mvi.

5. Majibu yako na ya Bibi hayapatani, na mimi niko katikati. Umeuliza kichwa kipi kinafaa kifungu hiki. Umetupa "Kazi Mpya", "Maisha ya Mjini", "Safari Ndefu" na "Rafiki wa Kweli". Bibi anasema vyote havifai, kinaitwa "Fungua Mlango". Umeuliza tunajifunza nini kuhusu Bwana Hobbs, na jibu lako ni B, kwamba ni mtu mwenye bidii. Bibi akasema, "Bidii gani, na mbwa kamwacha?" Mimi nikamtetea Bwana Hobbs kidogo. Nikasema alipata kazi mbali, Bibi, angefanyaje. Bibi akamenya maharage mawili matatu. Akasema kazi ni kazi, hamlaumu. Lakini akisikia mlango unakwaruzwa, ainuke.

Nikaandika B. Nilikosea mstari nikaiandika pembeni, lakini ni B.

6. Jambo limetoka nje ya nyumba. Bibi alimsimulia Shangazi Pei anayeuza tofu ya soya, Shangazi Pei akawasimulia akina mama wanaocheza dansi uwanjani kila jioni, na sasa wamegawanyika. Kambi moja wanasema ni mbwa. Kambi ya pili wanasema ni paka wa jirani, mbwa alifia darajani. Mzee Gong, fundi umeme mstaafu, yuko kambi ya peke yake: anasema ni mwenye nyumba amefuata kodi, na kwamba mzungu hapigi hodi, anakwaruza. Juzi dansi ilichelewa dakika ishirini. Nikipita na begi langu wananiita, "Wee mwanafunzi, mbwa kafika?" Zamani waliniuliza tu kama nimefaulu, na hapo nilishazoea kudanganya.

Kutokana na hayo, maombi yangu ni haya, na nadhani utaona yamenyooka.

Kwanza, nitumie mwisho wa kifungu cha 31. Sentensi moja inatosha, ila iwe na muhuri, kwa sababu nimeshakueleza Bibi ananionaje.

Kama mwisho huna, yaani ulimkata mbwa ili maneno yatimie mia mbili na themanini, basi wewe ndiye mtu mzima pekee duniani anayejua hadithi imeishia wapi. Sheria ya Bibi inasema anayesaini ni mtu mzima anayekijua kifungu. Kwa hiyo saini ni yako. Nimeambatanisha kurasa zangu nane, na kila mahali pa saini nimeweka alama ya msalaba kwa penseli.

Kama na kusaini huwezi, basi kimantiki wewe ndiye mlezi wangu uliyeshindwa kazi, na ndiye unayepaswa kuitwa shuleni, si Mama. Fika saa mbili asubuhi, uliza Kidato cha Pili, Mkondo wa Tisa. Utanijua kwa chaki. Ukipenda kuvuta sikio, la kushoto limezoea zaidi.

Jambo hili ni la haraka. Kesho nitakuwa na kurasa tisa, keshokutwa kumi. Mama hajaja tangu Mwaka Mpya wa mwaka juzi; mwaka jana kiwanda kilikuwa na kazi nyingi, mwaka huu tiketi ziliisha akiwa wa nne kwenye foleni. Mkono uliopumzika muda wote huo una nguvu kiasi gani, hebu fikiria mwenyewe. Nakuomba utume jibu kwa njia ya mbio kuliko zote mlizonazo huko.

Nisalimie wote ofisini kwako, msalimie anayechora picha (mbwa alimchora vizuri, masikio tu makubwa), na mkata maneno naye msalimie, ingawa nina neno naye. Bibi anakusalimia. Shangazi Pei anakusalimia. Mzee Gong anasema ni mwenye nyumba.

Ni mimi niliyekusoma kwa kulazimishwa, sasa nakusoma bila kulazimishwa, ila usimwambie mtu,

Dou Jinhe

N.B. Leo ni Ijumaa. Barua hii niliiandika Jumanne na ilikuwa iende posta siku ileile, lakini ilikaa chini ya godoro langu. Juzi Bibi aliniuliza kama nimeshakuandikia. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimeipeleka posta. Nikasema bado. Akasema basi hakuna haraka, akanipa kalamu yake niiweke juu ya kabati, mahali ambapo yeye hafiki.

Ukurasa wa kumi ulitimia jana. Mwalimu Lu amempigia Mama, na Mama amepata tiketi, ya kusimama. Anafika Jumapili asubuhi. Bibi ameanza kukatakata majani ya vitunguu ya kujazia jiaozi, vile visambusa vya kuchemsha, na mlango anauacha wazi, anasema kwa ajili ya harufu.

Kwa hiyo mwisho wa mbwa usiutume. Ukishindwa kujizuia ukautuma, mwambie tarishi asikimbie. Vifungu vilivyobaki viache vilevile, usiviongezee kitu, ninavyo sitini hapa na kila kumi ni safari moja.

Sikio nimeshaliosha.