Mama Mdogo wa Hahaya

Sisi watu wa Ngazidja, huku Komoro, tuna ugonjwa mmoja: heri tuibiwe kuliko kumwambia mtu "sikujui." Akituamkia kwa undugu tunaitikia, kisha ndipo tunajiuliza ni mtoto wa nani. Ugonjwa huo ndio uliomlisha Tadjidine. Kila ndege ya Ulaya ikitua uwanja wa Hahaya, yeye yupo mlangoni, kanzu imenyooka pasi, anawapokea wajomba na mashangazi asiowajua. Anawabebea mizigo kwa mapenzi makubwa, na mzigo mmoja hupotea njiani.

Mwaka ule kisiwa cha Ndzuani kilikuwa kimejitenga, kimepandisha bendera yake, na ndege za kwenda huko zilikuwa zimesimama. Bi Koultoumi wa Mutsamudu, mji wa huko huko Ndzuani, akashuka kutoka Marseille na sanduku zito, hana pa kwenda.

Tadjidine aliliona sanduku kwanza, mwenyewe baadaye.

"Kwezi, mama mdogo," akamwamkia.

"Mbona, mwanangu," bibi akaitikia salamu, akamtazama juu mpaka chini. "Umekua. Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Basi twende kwako. Au damu yako ilale hapa uwanjani?"

Watu wakageuka. Tadjidine akabeba sanduku.

Na kwake, kama desturi yetu wanaume, ni kwa mkewe. Nyumba ya Ikoni ilikuwa ya Zouhoura, aliyesimangwa miaka na dada zake kwamba kaolewa na mtu asiye na ukoo. Alipomwona bibi, alilia kwa furaha, akampa chumba chao. Tadjidine akapewa mkeka ukumbini. Aseme nini? Kumkana bibi ni kukiri wizi. Sanduku lenyewe lilijaa sufuria.

Bibi alikaa mpaka ndege za Ndzuani ziliporudi. Alimwamsha Tadjidine alfajiri, akamtuma sokoni, akamsifu mbele ya mashemeji. Hakuwahi kusifiwa maishani. Ilimpendeza, na ilimuudhi kwamba ilimpendeza.

Siku ya kuagana uwanjani, bibi akamvuta sikio. "Mama yangu alinizaa mimi tu. Sina dada, nitampata wapi mpwa?"

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua sina pa kulala."

Hata machozi ya kuagana hayajamkauka Tadjidine, ndege ya Ulaya ikatua. Akatoka mzee mmoja na masanduku matatu. Mazoea yana tabu, Tadjidine akainama.

"Kwezi, mjomba."

Mzee akaiweka mizigo chini, akafungua mikono. "Mbona, mwanangu. Nyumbani ni mbali?"

Kofia ya Tadjidine iliokotwa karibu na kituo cha teksi. Mwenyewe alikuwa keshafika barabarani, anakimbia.